Msitu upo, chui milia hayupo

Mwanzoni mwa mwaka 2005, kwenye madaftari ya idara ya misitu ya jimbo la Rajasthan nchini India, hifadhi ya Sariska ilikuwa na chui milia wasiopungua 16. Msituni hakukuwa na hata mmoja. Minong'ono ilikuwa imeanza miezi kadhaa nyuma: watalii hawaoni kitu, watafiti hawakuti nyayo wala kinyesi. Lakini hesabu ya mwaka uliotangulia ilisema 16 hadi 18, na hesabu ikishagongwa mhuri haibishani na mtu.

Anayezungumziwa hapa ni yule paka mkubwa wa Asia mwenye michirizi myeusi juu ya manyoya ya rangi ya machungwa, si chui wa madoa tunayemfahamu Afrika Mashariki. Afrika hajawahi kuishi porini. Ndiye mkubwa kuliko paka wote duniani, dume lake likivuka kilo 200 bila taabu, na ndiyo maana inashangaza kwamba nchi nzima inaweza kumpoteza bila kujua.

Waziri Mkuu wa wakati huo, Manmohan Singh, aliikabidhi kazi CBI, chombo cha upelelezi ambacho India hukitumia kwa kesi kubwa za rushwa na uhalifu. Kikaundwa pia kikosi kazi chini ya mwanamazingira Sunita Narain. Majibu yakawa yaleyale: Sariska imekwisha. Majangili waliwamaliza mmoja baada ya mwingine, na wakati wakiwamaliza, hesabu rasmi iliendelea kuwalea marehemu.

Iliwezekanaje? Kwa miaka mingi India iliwahesabu chui milia kwa nyayo. Askari wa msitu akikuta alama ya mguu kwenye vumbi, aliweka kioo juu yake na kuichora. Mchoro ulipelekwa ofisini, na huko mtu mwenye uzoefu alisema huyu ni jike la bonde lile, huyu ni dume la mlima ule. Wazo halikuwa la kijinga, maana wawindaji wa zamani waliwasoma wanyama kwa nyayo na mara nyingi wakapatia. Ila unyayo wa mnyama yuleyule hubadilika kwenye mchanga na kwenye tope, akikimbia na akinyata. Na tatizo kubwa zaidi halikuwa vumbi. Mkuu wa hifadhi ambaye idadi yake imepanda hupongezwa. Ambaye idadi yake imeshuka huandikiwa barua ya kujieleza. Mpe mtu kioo, kalamu na sababu ya aina hiyo, utapata idadi inayopanda kila mwaka.

Baada ya kashfa, India iliachana na nyayo na kuhamia kwenye kamera za mtego, zile zinazofungwa kwenye mti na kupiga picha zenyewe mnyama anapopita. Hakuna chui milia wawili wenye michirizi inayofanana, kwa hiyo picha ya ubavu inatosha kusema huyu tulimwona jana au ni mgeni. Mtafiti Ullas Karanth alikuwa ameionyesha njia hiyo katika msitu wa Nagarahole, jimbo la Karnataka, tangu miaka ya 1990. Hesabu ya kwanza ya mtindo mpya ilitangazwa mwaka 2008: nchi nzima ilikadiriwa kuwa na chui milia 1,411. Hesabu ya nyayo ya miaka michache nyuma ilikuwa imesema zaidi ya 3,600.

Tofauti hiyo ya zaidi ya 2,000 haikuwa yote kazi ya majangili. Wengine hawakuwahi kuzaliwa.

Mwaka 2009 mambo ya Sariska yakajirudia Panna, jimbo la Madhya Pradesh. Hifadhi nyingine, chui milia sifuri.

Nimeanzia Sariska kwa sababu ilikuwa na karibu kila kitu ambacho kwa kawaida huambiwa ndicho kinachokosekana. Msitu ulikuwepo. Mawindo yalikuwepo: kulungu wakubwa waitwao sambari, chitali wenye madoa, nguruwe mwitu. Sheria ya kumlinda mnyama huyo ilipitishwa mwaka 1972, na mwaka uliofuata serikali ya Indira Gandhi ilizindua mradi wa taifa wa chui milia, Project Tiger, kwa kuanzia na hifadhi tisa. Sariska iliingizwa mwishoni mwa muongo huohuo. Lango la kiingilio lilikuwepo, na bajeti, na watu waliovaa sare. Yale maelezo tuliyoyazoea, kwamba watu wameongezeka na miti imekatwa ndiyo maana wanyama wamekwisha, hayaelezi Sariska hata kidogo. Na kwa maoni yangu hayaelezi sehemu kubwa ya Asia.

Mnyororo wa ngozi na mifupa

Jina lililotajwa sana baada ya Sariska ni la Sansar Chand, mfanyabiashara wa Delhi. Alikamatwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974, angali kijana, akiwa na mamia ya ngozi za wanyama. Miaka 30 iliyofuata aliingia na kutoka mahakamani kwa kesi zilizoburutwa mwaka hadi mwaka. Aliponaswa tena mwaka 2005 na kuhojiwa na CBI, alikiri kuuza ngozi 470 za chui milia na 2,130 za chui wa kawaida kwa wateja wanne tu, wa Nepal na Tibet. Wanne. Hawa ni wateja wa mtu mmoja, katika nchi ambayo mwaka 2008 ingegundua kuwa imebakiwa na 1,411. Alifariki mwaka 2014.

Sansar Chand hakuwa na haja ya kukanyaga msituni. Kazi hiyo ilifanywa na watu wengine, mara nyingi wa jamii ambazo uwindaji ndiyo ilikuwa riziki yao ya jadi, kama Wapardhi. Utawala wa Waingereza uliziandikisha jamii za aina hiyo, kwa sheria ya mwaka 1871, kuwa makabila ya wahalifu kwa kuzaliwa. Baada ya uhuru lebo ilifutwa kwenye karatasi, ila uwindaji ukawa kosa na ardhi hawakupewa. Mtu anayeujua msitu kuliko askari, asiye na shamba wala kazi, ni rahisi kupatikana na dalali mwenye fedha mkononi. Huyo ndiye anayefungwa. Dalali huweka wakili.

Msomaji wa Tanzania anaijua picha hii kwa upande wa meno ya tembo. Yang Fenglan, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 15 jijini Dar es Salaam mwaka 2019, alikuwa mfanyabiashara mwenye mgahawa mjini, si mtu wa kulala porini na bunduki. Mnyama akiwa na bei ng'ambo, aliye mwisho wa mnyororo huwa mbali sana na damu.

Risasi hutumika kwa nadra. Mlio huita askari na tundu huharibu ngozi. Wengi hutega mtego wa chuma wenye meno kwenye njia ya kuelekea majini. Wengine hungoja chui milia aue ng'ombe wa kijiji, kisha humwaga dawa ya kuulia wadudu wa shambani kwenye mzoga, kwa kuwa wanajua atarudi usiku kumalizia kitoweo. Wengine huvuta waya kutoka kwenye nguzo ya umeme na kuutandaza kwenye nyasi. Njia mbili hizi za mwisho zina balaa lake: hazichagui. Mwenye waya huenda alikusudia nguruwe mwitu wanaomharibia mahindi.

Ngozi zilikwenda wapi? Kwa sehemu kubwa Tibet, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walioanza kupata fedha walishona majoho yenye mapindo ya ngozi ya chui milia ya kuvalia sherehe. Kisha likatokea jambo ambalo wahifadhi hawakuwahi kulipanga. Januari 2006, Dalai Lama, kiongozi wa kiroho wa Watibeti, akiongoza ibada kubwa ya Kalachakra huko Amaravati, India, aliwataka Watibeti waache kuvaa ngozi za wanyama pori. Wiki chache baadaye watu huko Tibet walirundika majoho yao hadharani na kuyatia moto. Soko likaporomoka. Kampeni za mabango hazijawahi kufikia hata robo ya hapo, na sidhani kama ni jambo linaloweza kuigwa kwa amri.

Mifupa haikupata mtu wa kuisemea hivyo. Katika tiba ya jadi ya China, mfupa wa chui milia ulikuwa dawa ya baridi yabisi na maumivu ya viungo. Ulisagwa, au uliloweshwa kwenye pombe. Huko Vietnam huchemshwa kwa siku kadhaa hadi kuwa gundi nzito iitwayo cao hổ, hukatwa vipande vidogo na kunywewa na pombe. China ilikuwa na chui milia wake yenyewe, wale wa kusini, waliokadiriwa kufikia 4,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Serikali iliwatangaza kuwa waharibifu na kuwalipa wawindaji. Mifupa ikajaa maghalani, dawa zikatengenezwa bila shida kwa miongo kadhaa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 ghala lilikuwa likielekea kukauka na msituni hakukuwa na wa kujazia. Hapo ndipo wanunuzi walipogeukia India na Nepal na, baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika na mipaka kulegea, Mashariki ya Mbali ya Urusi.

Mwaka 1993 China ilipiga marufuku biashara ya mifupa hiyo na kuiondoa kwenye orodha rasmi ya dawa. Waganga wengi wa tiba hiyo waliitii na wanatumia vitu vingine. Lakini kilichobaki sokoni kilibadilika sura. Leo anayenunua chupa ya pombe ya mifupa au zulia la ngozi mara nyingi si mgonjwa. Ni tajiri anayetaka kumkirimu bosi, au kumlainisha ofisa. Kwa mtu huyo bei kubwa haimzuii kununua. Bei ndiyo sababu ya kununua.

Waliokufa kabla ya mifupa

Isiwe kwamba nawabebesha wafanyabiashara wa mifupa mzigo wote. Inasemwa kila mahali kwamba miaka mia moja iliyopita kulikuwa na chui milia 100,000. Hakuna aliyewahesabu, ni kisio tu, ila mwelekeo una ushahidi mwingi. Serikali ya Waingereza nchini India ililipa zawadi kwa kila chui milia aliyeuawa, na rekodi zake zinaonyesha zaidi ya 80,000 kati ya 1875 na 1925. Wafalme wa majimbo walishindana. Maharaja wa Surguja alijigamba kuua zaidi ya 1,100 maishani mwake. Mfalme George V alipokwenda kuwinda Nepal mwaka 1911, msafara wake uliua 39 kwa siku zisizozidi kumi na moja.

Kwingineko, chui milia wa Kaspi walipotea kufikia miaka ya 1970 baada ya serikali ya Kisovieti kuwaua kwa mpango na kugeuza matete ya kandokando ya mito kuwa mashamba ya pamba. Wa Bali walikwisha kabla ya katikati ya karne ya 20, wa Java katika miaka ya 1980. Kwa jumla mnyama huyu ameondolewa kwenye zaidi ya asilimia 90 ya ardhi aliyokuwa akiishi.

Kwa hiyo ndiyo, misitu ilikatwa na risasi zilipigwa. Lakini hayo yanaeleza jinsi tulivyofika kwenye maelfu machache. Hayaelezi kwa nini, katika miaka 20 hii ya karibuni, baadhi ya nchi zimepanda na nyingine zimefika sifuri.

India ina watu zaidi ya bilioni 1.4, na ina karibu theluthi mbili ya chui milia wote wa porini duniani. Laos ina watu wasiofika milioni nane na milima iliyofunikwa na miti. Chui milia wa mwisho kupigwa picha Laos alionekana mwaka 2013, katika hifadhi ya Nam Et-Phou Louey. Kambodia ilipata picha yake ya mwisho mwaka 2007, na mwaka 2016 ikakubaliwa kuwa hana tena uzao humo. Vietnam hakuna ushahidi wa chui milia wanaozaliana porini kwa miaka mingi. Malaysia, iliyokuwa ikikadiriwa kuwa na takriban 3,000 katika miaka ya 1950, ilihesabu kati ya 2016 na 2020 ikakuta hawafiki 150, na misitu minene ipo bado.

Kilichotokea huko ni waya. Waya wa breki ya baiskeli au pikipiki, mti mchanga uliokunjwa, kitanzi kwenye njia ya wanyama. Shirika la WWF lilikadiria mwaka 2020 kwamba hifadhi za Kambodia, Laos na Vietnam zilikuwa na mitego ya nyaya zaidi ya milioni 12. Haikutegwa yote kwa ajili ya chui milia. Mingi hutegwa kupata nyamapori ya kuuza kwenye migahawa ya mijini, si kwa kulisha familia ya mtegaji. Lakini kitanzi hakiulizi. Chui milia akiponea chupuchupu, mawindo yake hayaponi, na chui milia bila kulungu ni suala la muda tu. Ukitembea kwenye msitu wa namna hiyo utaona majani, vivuli na mito, kila kitu cha kijani kipo mahali pake. Picha ya setilaiti itakuambia hifadhi imefanikiwa.

Mabanda ya kufugia

Kuna hoja moja inayovutia sana mara ya kwanza kuisikia. Kama watu wanataka mifupa, si wafuge? Kuku hawajaisha kwa kuliwa. China ilianza kufuga mwaka 1986, na leo mabanda yake yana maelfu ya chui milia. Ukijumlisha Thailand, Laos na Vietnam, makadirio hufika kama 8,000, wengi kuliko wa porini duniani kote.

Hoja inaanguka penye mambo mawili. La kwanza ni gharama. Kumlisha nyama paka wa kilo 200 kwa miaka mpaka akomae ni ghali kupita kiasi, wakati sumu ya shambani ni ya bei ya chini na dukani ipo. La pili ni kwamba mteja anaamini wa porini ana nguvu zaidi, kwa hiyo wa bandani humfungulia hamu tu. Na pale bidhaa halali inapokuwepo sokoni, askari wa forodha hawezi kutofautisha mfupa wa porini na wa bandani. Ndiyo maana nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana mwaka 2007 kwamba chui milia wasifugwe kwa ajili ya biashara ya viungo vyao. Makubaliano hayo yameheshimiwa nusunusu. Mwaka 2016 mamlaka za Thailand ziliwaondoa chui milia 137 kwenye hekalu moja la watawa mkoani Kanchanaburi ambako watalii walilipa kupiga nao picha. Kwenye jokofu walikuta watoto 40 waliokufa. Agosti 2021 polisi wa mkoa wa Nghe An, Vietnam, waliwakuta 17 wakubwa wakifugwa ndani ya nyumba za watu kijijini. Na Oktoba 2018 China yenyewe ilitangaza kuruhusu matumizi ya kitabibu ya mifupa ya wanyama wa kufugwa, kisha baada ya kelele za dunia ikaahirisha mwezi uliofuata. Kuahirisha si kufuta.

Hapo ndipo habari hii inapovuka bahari kuja upande wetu. Mfupa wa simba ukishasafishwa ni vigumu kuutofautisha na wa chui milia kwa macho. Kuanzia mwaka 2008 Afrika Kusini ilianza kuuza nje kwa vibali halali mifupa ya simba waliofugwa, ikienda hasa Laos na Vietnam. Mwaka 2017 iliweka kikomo cha mifupa ya simba 800 kwa mwaka, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikasema vikomo vya 2017 na 2018 viliwekwa kinyume cha sheria. Mmoja wa wanunuzi wa mwanzo, Mthailand Chumlong Lemtongthai, aliyefanya kazi na mtandao wa Laos uitwao Xaysavang, alianzia kwenye mifupa ya simba na kuishia kwenye pembe za faru. Mwaka 2012 alihukumiwa kifungo cha miaka 40, ambacho baadaye kilipunguzwa sana. Huko Msumbiji, upande wa Limpopo, simba wa porini wamekuwa wakiwekewa sumu kwa ajili ya meno, kucha na mifupa. Tanzania, yenye simba wengi kuliko nchi yoyote, ina kila sababu ya kufuatilia bei ya mifupa ya paka wa Asia.

Wanapopona, hupona haraka

Chui milia si mnyama wa kuzaa kwa taabu. Jike hubeba mimba kwa siku mia na ushee na kuzaa watoto wawili hadi wanne, na wakifa mapema anaweza kushika mimba nyingine ndani ya miezi. Watoto hukaa naye karibu miaka miwili. Kwa hiyo kumuua jike mwenye watoto ni kuwaua wote. Kumuua dume nako kuna matokeo yasiyoonekana, kwa sababu dume jipya linalochukua eneo huwaua watoto wa mtangulizi ili majike yarudi kwenye joto.

Hitaji lake kubwa ni nyama. Chui milia mmoja huua wanyama wakubwa kama 50 kwa mwaka, na ili hao 50 wapatikane bila kundi kupungua wanatakiwa wawepo kama 500. Anakula riba, hagusi mtaji. Mtego wa waya hula mtaji.

Kwa hiyo eneo dogo lenye majike machache wanaozaa, kulungu wa kutosha na askari wanaotembea kila siku linaweza kujaza wilaya nzima. Hilo limeonekana. Nepal, ambako jeshi hulinda hifadhi na sehemu ya mapato ya hifadhi hurudi vijijini, ilikuwa na chui milia 121 mwaka 2009 na 355 mwaka 2022. Urusi, ambako katika miaka ya 1940 walibaki wasiofika 40, ilipiga marufuku uwindaji wao mwaka 1947 na leo ina mamia. Thailand ilihesabu kati ya 179 na 223 mwaka 2024, wengi wakiwa wametokea msitu wa Huai Kha Khaeng na majirani zake ambako doria hazikukatika. India ilitangaza mwaka 2023 makadirio ya wastani ya 3,682. Hata Panna imejaa tena. Sariska ilirudishiwa wanyama kwa helikopta kutoka hifadhi ya Ranthambore mwaka 2008. Dume la kwanza lilikutwa limekufa kwa sumu mwaka 2010, wakaendelea, na sasa wako zaidi ya 40.

Tahadhari moja juu ya idadi. Mwaka 2010 viongozi na wajumbe wa nchi 13 zenye chui milia walikutana Saint Petersburg na kuahidi kuwaongeza mara mbili kutoka takriban 3,200 kufikia 2022. Mwaka 2023 ilitangazwa kuwa wako 5,574. Sehemu ya ongezeko hilo ni la kweli na sehemu ni kamera: misitu ambayo haikuwahi kuhesabiwa vizuri sasa inahesabiwa. Wakati huohuo, kwa mujibu wa TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori, viungo vilivyokamatwa kati ya mwaka 2000 na katikati ya 2022 vilitoka kwa chui milia zaidi ya 3,300, na hao ni waliokamatwa tu.

Gharama ya kupona kwao hailipwi na anayefurahia takwimu. Inalipwa na mama anayekata majani ya ng'ombe pembezoni mwa hifadhi ya Bardiya nchini Nepal, na mvuna asali wa Sundarbans, misitu ya mikoko ya India na Bangladesh. Wapo wanaolipwa kitu kama kile Watanzania wanachokiita kifuta machozi, mara nyingi kwa kuchelewa. Nchini India jamii za Adivasi, yaani wenyeji wa asili, zimehamishwa kutoka misitu ya mababu kwa jina la chui milia, baadhi kwa hiari ya kweli, nyingi kwa hiari ya kwenye fomu. Desemba 2024 Waziri Mkuu wa Nepal wa wakati huo, K. P. Sharma Oli, alisema nchi yake ina chui milia wengi mno na 150 wangetosha. Wahifadhi walikasirika, ila mtu aliyeuliwa mke wake akichuma kuni hakuhitaji kufafanuliwa anachomaanisha. Na kijiji chenye hasira ndicho kinachomwonyesha jangili njia, au kinachomwaga sumu chenyewe.

Kambodia sasa inataka kuanza upya. Ilisaini makubaliano na India mwaka 2022, na mahali palipochaguliwa ni milima ya Cardamom, ambako walinzi wamekuwa waking'oa makumi ya maelfu ya nyaya na bado wanazikuta. Kupata wanyama si shida, India inao wa kutoa. Suala ni walinzi wangapi wataendelea kulipwa mwaka wa tano, picha za uzinduzi zikiwa zimeshasahaulika, na kama mgahawa wa mjini utaacha kununua nyama ya kulungu. Chui milia akishushwa Cardamom kabla ya hayo kujibiwa, atakuwa amesafirishwa maelfu ya kilomita kwenda kunaswa.